Anwani Iliyokatwa Njiani: Maneno ya Wana Vesterby kwa Daktari wa Figo

Mgeni rasmi, Daktari Simone Lavallée, Mkuu wa Kitengo cha Figo;
Mwenyekiti wa klabu yetu;
Viongozi wa manispaa;
Timu mlizosafiri kwenye theluji kuja kushindana nasi;
Na ninyi mlioko jikoni, ambao tumewaomba mzime feni ya jiko kwa muda ili nanyi msikie:

Sisi wanachama wa Klabu ya Mawe na Barafu ya Vesterby, Manitoba, tunakusalimu na tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Tunajua umeendesha gari tangu alfajiri kwenye barabara ambayo leo hata trekta la kusukuma theluji lilisitasita kuipita. Umefika, umeinywa kahawa yetu bila kukunja uso, na hilo peke yake limetufanya tukupende.

Anayesoma ni mimi, Myrna Dyck. Nimechaguliwa kwa sababu nina sauti kubwa, na kwa sababu wenzangu wawili walijaribu kuisoma risala hii kwenye mazoezi wakashindwa kuimaliza.

Mwaliko wako tuliutuma kwa posta, ndani ya bahasha yenye stempu, umeandikwa kwa mkono. Huenda ulijiuliza kama huku kwetu kompyuta bado hazijafika. Zimefika zamani. Sababu ya kuziweka kando safari hii tutaieleza tukifika kwenye changamoto, maana hilo ndilo hasa tulilokuitia. Kusukuma jiwe la kwanza la mashindano kwenye barafu ni kisingizio, ingawa jiwe tumelisugua likang'aa na tungependa ulisukume kwelikweli.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Mgeni rasmi, klabu hii ilianzishwa na wakulima wa ngano ambao kwa miezi mitano ya mwaka hawakuwa na la kufanya ila kutazamana. Waliona heri kusukuma mawe kwenye barafu kuliko kusukumana wenyewe. Mchezo wetu unaujua. Mmoja huliachia jiwe liteleze, wawili hukimbia mbele yake wakifagia barafu lipate njia, na nahodha husimama mwisho wa uwanja akipiga kelele. Katika mchezo huu hakuna anayecheza peke yake, kwa sababu jiwe la mtu hufika pale wenzake walipolifikisha kwa mafagio yao.

Barafu nayo haijitengenezi. Kwa miaka mingi imetengenezwa na mtu mmoja, Lorne Thorvaldson, mkulima, nahodha wa timu yetu ya kwanza. Huinyunyizia matone ya maji ya uvuguvugu, huyaacha yagande, kisha huyachonga juu juu mpaka jiwe lipite kama kisu kwenye siagi. Hajawahi kulipwa, wala hajawahi kudai. Ukimsifu hukwambia suruali yako imechanika nyuma, ukigeuka kutazama yeye ameshaondoka.

Jambo jingine la historia linahusu barua yetu ya kila Jumapili. Katibu wetu, Glenda Procyshyn, aliyekuwa mwalimu wa shule yetu, ndiye huiandika na kuituma kwa barua pepe kwa wanachama wote. Humo mna ratiba za mechi, mazishi, majani ya ng'ombe yanayouzwa, na nani amesahau sufuria ya nani. Wasio na kompyuta huisoma ikiwa imebandikwa ukutani hapo mlangoni. Zamani mistari yake ilikuwa mirefu, na mashine yetu ya kuchapa, ambayo karatasi yake ni nyembamba, ilikuwa ikimeza maneno ya mwisho. Siku moja ilimeza jina la mji wa mashindano. Marehemu Orville Hrushka akapakia mafagio kwenye gari, akaenda mji mwingine kabisa, akakuta watu wako kwenye harusi. Alikula, akacheza dansi, kisha akarudi na hasira zake.

Mkutano mkuu uliofuata, Orville alisimama akatoa hoja kwamba kuanzia siku hiyo mistari ya barua yetu iwe mifupi. Tulipitisha kwa kauli moja. Glenda akaiambia kompyuta yake kwamba kila mstari ukifika herufi ya sabini, iukate na kuanza mwingine. Tulifurahi sana. Tunakuomba, mgeni rasmi, ulikumbuke azimio hilo.

MAFANIKIO

Tuna paa jipya. Tuna ubingwa wa wilaya, ambao tumeutwaa mara kadhaa, na mara ambazo hatukuutwaa tuna maelezo. Tuna jiko ambalo pai zake zinasemwa hadi ng'ambo ya mpaka. Tunazikana vizuri.

Hapo kwa kawaida tungeongeza aya mbili tatu za kujisifu. Mwaka huu hatukuweza.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, risala za watu wengine huleta changamoto nyingi. Sisi tungeweza kukutajia choo cha wageni na mlango wa mashariki usiofunga. Tunaleta moja tu.

Figo za Lorne zilikufa majira ya baridi mawili yaliyopita. Tangu hapo huenda mji wa jirani mara tatu kwa wiki, akalazwa kwenye kiti, mashine ikamsafisha damu, akarudi amekuwa rangi ya jivu. Mwezi Machi mwaka jana, kwa idhini yake, kitengo chako kilimwandikia Glenda barua pepe. Iliomba marafiki wa Lorne walio tayari kupimwa, ili ionekane kama mmoja wao angeweza kumpa figo moja, waende kwenye tovuti ya hospitali kujiandikisha. Anwani ya kubonyeza iliwekwa mle, na tarehe ya mwisho ilikuwa Juni. Vilevile kulikuwa na agizo: anayejiandikisha asimwambie mgonjwa, na watu wasiulizane, ili asitokee mtu wa kusukumwa na aibu.

Agizo hilo lilikuwa jema na tunalielewa. Lakini hukutujua. Watu wa huku ukiwakataza kuulizana mambo ya ndani, umewapa sikukuu. Hatukuwa tukiulizana hata kabla.

Glenda aliinakili ile barua yote kwenye barua yetu ya Jumapili, herufi kwa herufi, kwa uangalifu wa mwalimu. Anwani yenu ilikuwa ndefu. Ilikuwa na jina la hospitali, kisha mikwaju, ile mistari iliyolala upande, kisha namba na herufi zilizofuatana bila nafasi yoyote, kama vile paka alitembea juu ya vitufe. Kompyuta ya Glenda ikafika herufi ya sabini, ikafanya ilivyoagizwa na mkutano mkuu. Ikakata.

Maneno ya kawaida yakikatwa hivyo hayadhuriki, kwa sababu jicho la mtu hushuka mstari wa chini likaendelea. Kompyuta haishuki. Kwake, mstari ulipokwisha na anwani imekwisha. Basi tulipofungua barua ile majumbani, kipande cha kwanza kilikuwa cha buluu na kimepigiwa mstari chini, kinaita kidole. Vipande viwili vilivyobaki vilikaa chini yake vyeusi, kama maneno mengine. Tulibonyeza cha buluu. Kompyuta ikaenda hospitalini na kipande cha anwani, ikatafuta, ikatuletea jibu la maneno manne: "Ukurasa unaoutafuta haupo tena."

Haupo tena. Mgeni rasmi, wewe ungesoma hapo kwamba kuna kitu kimeharibika. Sisi tulisoma kwamba amepatikana. Tulidhani mwenzetu mmoja ametuwahi, na hospitali imefunga ukurasa kwa kuwa haihitaji mwingine. Kila mmoja wetu, peke yake, mbele ya kompyuta yake, alimshukuru Mungu, na wapo waliokiri kwamba walishusha pumzi. Tukanyamaza kama tulivyoagizwa.

Mtu wa pekee aliyekuwa na anwani nzima, isiyokatwa, ni Glenda, kwenye ile barua ya awali. Na Glenda, kwa umri wake na dawa zake za moyo, ndiye pekee ambaye hakuwa na sababu ya kuibonyeza.

Kiangazi chote tulitazamana dukani tukijiuliza ni nani. Wengi tulimshuku mume wangu, Wilf, kwa sababu aliacha bia ghafla. Watu wakaanza kumfungulia milango. Mwenye mgahawa akawa anamwekea supu bila kumuuliza. Mimi mkewe nililala naye kitanda kimoja nikimheshimu kuliko kawaida, nisimuulize, kwa kuwa tuliambiwa tusiulizane.

Kumbe mwezi Julai Lorne alipata barua kutoka kwenu. Ilimjulisha kwa masikitiko kwamba katika muda uliowekwa hakuna aliyejiandikisha. Barua ile haikusema uongo, na aliyeiandika alitumia lugha ya upole. Bernadette, mke wa Lorne, alituambia baadaye kwamba mumewe aliisoma, akaikunja, akatoka kwenda kumwangalia ndama.

Sisi, kwa furaha yetu ya siri, tulizidi kumpelekea vyakula. Supu, pirogi za unga zilizojazwa viazi, pai ya tufaha, kila wiki gari la mtu lilisimama pale uani. Bernadette ndiye aliyepokea. Siku moja Lorne alilitazama bakuli la pirogi mezani akasema, "Watu wa hapa watakupa chochote, mradi kinaingia kwenye bakuli."

Maneno hayo tuliyapata tukiwa tumechelewa. Tunayasoma hapa kwa sababu tangu tuyasikie hatubebi bakuli bila kuyakumbuka.

Msimu wa mchezo ulipofunguliwa Septemba, kabla mavuno hayajaisha, Lorne aliacha unahodha. Alisema amechoka, nasi tukasema ni ugonjwa. Barafu aliendelea kuitengeneza, ila alikuja asubuhi mapema na kuondoka kabla ya mtu wa kwanza kufika. Tulikuta uwanja umenyooka, unang'aa, na yeye hayupo. Tuliicheza barafu ya mtu aliyeamini kwamba tumemwacha afe, na tukaisifia barafu.

Ukweli tuliupata kwenye mazishi. Mwezi Oktoba, mavuno yakiwa mwishoni, Orville alianguka shambani, moyo ukasimama. Baada ya ibada tulikuwa jikoni chini ya kanisa tukitengeneza sandwichi, pale ambapo kila mmoja hukimbilia asipojua la kumwambia mfiwa. Mjane wake, Olga, akaingia kutafuta chai. Tunayanukuu yaliyosemwa kama yalivyosemwa, kwa ridhaa ya wote.

Olga alisema, "Jamani, mzee wangu kaondoka na dukuduku moja. Alitaka kumpa Lorne figo, akakuta kachelewa."

Glenda akamuuliza, "Kachelewa vipi, Olga?"

"Si uliituma Jumapili? Basi Jumapili ileile, nyama iko mezani inapoa, yeye kang'ang'ania kompyuta. Kabonyeza. Wakamwambia ukurasa haupo tena. Akasema, kuna bwana mmoja ana mbio kweli."

Wilf alikuwa anakata keki. Kisu kikasimama. "Mimi nilidhani huyo bwana ni Orville."

"Na sisi tulidhani ni wewe, Wilf," mimi nikamwambia. "Bia uliacha kwa nini?"

"Sukari, mama. Daktari kanikataza. Kumbe ile supu mnayoninywesha bure ni ya figo?"

Tulianza kucheka, hatukumaliza. Olga akaweka kikombe chini. "Sasa kama si Orville, na si Wilf, ni nani basi?"

Tukatazamana watu wa jikoni mle, mmoja baada ya mwingine, na kila tuliyemtazama alikuwa anatikisa kichwa. Wote, ukimtoa Glenda, tulikuwa tumebonyeza. Wote tulikuwa tumeambiwa haupo tena. Glenda alikaa kwenye kreti ya maziwa, aproni bado kiunoni, akasema taratibu, "Hebu mtu aniletee ile barua niione ilivyofika kwenu." Tukamwonyesha kwenye simu. Aliisogeza karibu na macho, akaiona buluu inaishia katikati. Mwalimu huyu amefundisha nusu ya watu waliomo ukumbini humu, na hatukuwahi kumwona akilia mpaka siku ile.

Tulijaribu kurekebisha. Kesho yake Glenda aliituma anwani upya, na kompyuta ikaikata upya pale pale. Akaiunganisha kwa mkono na kuizuia kompyuta isikate, lakini mwalimu ni mwalimu, haachi sentensi bila nukta. Nukta ile ikaganda mwisho wa anwani ikahesabika kuwa sehemu yake, na ukurasa ukakataa tena. Mara ya tatu ilifika nzima, uchi, bila nukta. Tukabonyeza, na safari hii mlango ulikuwepo. Ukurasa ulitwambia kwamba uandikishaji kwa ajili ya mgonjwa huyu umefungwa tangu Juni. Huo sasa ulikuwa ni ukweli.

Wilf nami tulikwenda kwa Lorne. Alitukaribisha vizuri. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

"Kaeni. Bernadette, wape kahawa hawa. Wilf, wewe bila sukari, nasikia."

Wilf hakukaa. "Lorne, sote tulibonyeza. Ile anwani ilikatika kwenye barua ya klabu. Sote tulidhani mtu kashapatikana."

"Sawa, Wilf."

"Hunisadiki."

"Nakusadiki. We mtu mwema. Mmekaa mkaona mzee huyu halali, twendeni tukampe neno la kulalia. Nashukuru."

"Nakwambia kweli tupu, bwana."

Lorne akatabasamu. "Wilf, tumecheza pamoja miaka mingapi? Kila jiwe lako likienda kombo, unasema barafu ilikuwa mbaya. Na barafu nimeitengeneza mimi."

Mimi nikamwomba Lorne aturuhusu tuwaandikie hospitali wafungue tena. Akakataa. "Msiwaulize watu mara ya pili, Myrna. Mara ya kwanza nilisubiri kila posta. Siwezi tena kukaa nikiisubiri." Kisha akatuuliza habari za ngano.

Tangu siku hiyo hatukurudi na maneno, kwa sababu maneno yetu hayana uzito kwake. Mtu aliyeumizwa na ukimya hatibiwi na maelezo yanayokuja baada ya miezi saba. Tungekuwa yeye, nasi tusingeyaamini.

Glenda aliandika barua ya kujiuzulu. Mkutano uliikataa kwa kura, na kura pekee ya kuikubali ilikuwa yake. Azimio la mistari mifupi tumelifuta. Aliyetoa hoja ya kulifuta ni Olga Hrushka, mjane wa aliyelileta. Alisema Orville angelipasua kwa meno yake. Hatujui kama figo ya Orville ingefaa. Tunachojua ni kwamba hakuna aliyempima, na sasa hatapimwa.

Mgeni rasmi, tunajuta. Tunajuta kwamba tulitii agizo la kutoulizana kuliko mlivyokusudia. Tunajuta kwamba hakuna hata mmoja aliyepiga simu hospitalini, jambo la dakika mbili, kwa kuogopa kusumbua. Na wale walioshusha pumzi wameomba tuandike kwamba hilo nalo wanalijutia, majina yao wasitajwe.

MAOMBI

La kwanza. Tumeambiwa na wanaojua kwamba mtu akibonyeza anwani isiyo kamili, kompyuta ya hospitali humkatalia, lakini huweka alama kwamba kuna mtu alikuja, tarehe fulani, akitafuta kitu fulani, akakikosa. Kama ni kweli, basi kuanzia Jumapili ile ya Machi mna alama zetu. Tunakuomba uagize zitafutwe. Hatuhitaji majina. Tunahitaji hospitali imwandikie Lorne barua nyingine, kwa karatasi ileile na sahihi ileile kama ya Julai, imwambie kwamba watu walikuja. Maneno yetu hayaamini, lakini ninyi mmemwambia kweli siku zote, hata ilipouma.

La pili. Tunaomba faili lake lifunguliwe tena. Tunajua idhini yake inahitajika, na ndiyo maana ombi la kwanza limetangulia.

La tatu ni la watu wengine, wa miji mingine, ambao nao wana makatibu waangalifu na mashine za zamani. Mnapotuma anwani ya kubonyeza, ifupisheni iweze kukaa kwenye mstari mmoja. Iwekeni peke yake, isifuatwe na nukta wala mabano. Chini yake andikeni namba ya simu na jina la mtu atakayepokea. Na pale ukurasa unapokosekana, msiandike tu kwamba haupo tena. Andikeni: "Huenda anwani yako imekatika, tafadhali tupigie." Maneno hayo yangetosha.

La nne. Utakuwa umeona kwamba sote tumevaa mashati ya mikono mifupi, na humu ndani pumzi zetu zinaonekana. Timu za wageni zimetucheka tangu asubuhi. Si ubingwa wa kuzoea baridi. Muuguzi wa zahanati yetu ameketi mezani pale karibu na ubao wa matokeo, ana sindano na vichupa vyake, na sanduku la kubebea damu liko tayari. Walio tayari kupimwa wameshakunja hata hiyo mikono mifupi ya mashati. Kama taratibu zako zinaruhusu, anza leo. Kama haziruhusu, tuambie ni lini, nasi tutakuja huko mjini kwa magari yetu, hata kama theluji itakuwa imefika madirishani.

NENO LISILO LA MGENI RASMI

Mgeni rasmi, utuwie radhi. Adabu ya risala ni kusomewa mtu mmoja, nawe ndiye mwenyewe. Lakini mtu tunayemhitaji asikie hakukubali kukaa ukumbini. Alisema mashine ya kugandisha inahitaji kuangaliwa, akaingia chumba cha nyuma. Mlango wake tumeuacha wazi kwa makusudi. Tunaomba ruhusa yako tumgeukie kidogo.

Lorne, zima mashine. Barafu haitayeyuka kwa dakika moja, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha.

Tulikuja. Kila mmoja kivyake, bila kuambiana, tulikuja siku ileile. Tulikosa pa kuingilia, tukarudi nyumbani tukifurahi kwa ajili yako, nawe ukabaki ukisubiri posta. Hatukuombi utusadiki leo. Hatukuombi hata utusamehe leo. Tunakuomba utoke kwenye hicho chumba, usimame hapo mlangoni, uitazame hii mikono. Ni baridi sana, Lorne, na hatutavaa makoti mpaka utoke.

Mungu amrudishe mgeni wetu salama kwa familia yake, amlaze Orville pema, na amwache Lorne Thorvaldson kwetu.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Mawe na Barafu ya Vesterby, tumesimama.